Marekebisho ya Mstari wa 40

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Kunigunda alikata kwa taipu stensili za kurudufishia jarida la Kompyuta Nyumbani ofisini kwa Mwalimu Edmund, mhariri wake na katibu wa kijiji chao huko Matiri. Mwaka ule wa 1994 kijiji kilikuwa na kompyuta moja, ya Mwalimu, ikitumia betri ya lori. Alisema ni zawadi. Kutoka kwa nani, hakusema. Kunigunda alikuwa na sababu ya kutaka kujua: soko huria lilipofika, mnunuzi mmoja wa kahawa alizungushia waya shamba la marehemu baba yake, akidai kikao cha kijiji kilimpa. Mara tatu Kunigunda alimwomba Mwalimu kuuona muhtasari wa kikao hicho. Mara tatu ufunguo wa kabati ulikuwa umepotea.

Wasomaji arobaini wa jarida hawakuwa na kompyuta. Kwa hiyo toleo la kwanza lilikuja na vibonye vya kuchora, wavibandike kwenye boksi la sabuni na kuzoeza vidole. La pili lilileta programu ya kujumlisha. Beata wa Mapera aliichapa kwenye boksi lake, na jibu likatokea ukutani kwa herufi za kijani. Aliandika kuuliza namna ya kupunguza mwanga. Toleo la tatu lilimshauri achanganye majivu kidogo kwenye chokaa.

Toleo la tano lilikuwa na programu ya kupanga majina kwa alfabeti. Kunigunda aliichapa kwenye boksi lake nyumbani mchana, maharage yakiwa jikoni. Ukuta haukungoja majina yake. Ulipanga ya waliohudhuria kikao cha kutoa shamba, wa kwanza akiwa Bernadi, baba yake, aliyeridhia kwa dole gumba Machi 1994. Walimzika 1991. Chini kabisa: mwandishi wa kikao, Edmund.

“Nilijua,” Kunigunda aliiambia sufuria. “Nilijua tu.” Aliisoma orodha tena na tena mpaka maharage yakaungua.

Barua zilimiminika, hata kutoka Tingi kule ziwani. Kuta zote zilionyesha orodha ileile. Beata alilalamika kwamba majina ya kwaya yake hayakupangwa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umeziona barua?”

“Nimeuona na ukuta wangu. Baba aliwekaje dole, naye yuko kaburini?”

Mwalimu alifuta vumbi kwenye kompyuta kwa leso, taratibu, hadi pembeni.

“Mstari wa 40 wa programu una kosa, binti yangu. Tuwaombe radhi wasomaji.” Akamsogezea stensili mpya.

Kazi nyingine ya taipu Matiri haikuwepo.

Toleo la sita lilisema: Marekebisho. Mstari wa 40 ufutwe. Wasomaji walikuwa watu watiifu. Walifuta, kuta zikanyamaza, na Beata akamshukuru mhariri kwa uangalifu wake.

Kunigunda hakuufuta mstari wake. Bernadi bado yupo ukutani, wa kijani, nyuma ya kalenda ya parokia. Waya nao bado upo. Na ile stensili ya marekebisho aliikata Kunigunda mwenyewe, bila kukosea hata herufi moja.