Paja Lililopanda Kichwani

Shemeji yangu alikatwa mguu wa kushoto mwaka juzi kwa saratani ya mfupa wa paja. Mwaka huu akaanza kuumwa kichwa na kuangusha vikombe. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Daktari akasema utolewe Alhamisi; ukicheleweshwa, atapoteza usemi. Na shemeji asiyesema si shemeji tena.

Jumatano nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi wodi ya vichwa. Muuguzi akasoma kadi.

"Saratani hii ilizaliwa pajani. Hata ikihamia kichwani, bado ni ya mfupa. Kaleteni fomu ya mguu."

Kwenye dirisha la mifupa, karani, mama mmoja, alikuwa na miwani mbili, moja usoni, nyingine utosini.

"Mguu wenyewe uko wapi?"

"Si mliukata nyinyi!" akasema shemeji.

"Mimi nimeanza kazi mwezi wa tatu, baba. Hapa pameandikwa karani auone mguu ndipo agonge muhuri."

"Basi tazama wa kulia."

"Huo mzima. Usiniharibie kazi."

Tukapanda na kushuka mara nne, huku na huku wakiturudisha. Mara ya tano shemeji akataka maji. "Nipe ile... ile..." Akabaki kuonyesha kwa kidole tu. Tukatazamana.

Mimi nimerudishwa kwenye mipaka mingi maishani, najua afisa habishiwi, hulishwa anachotaka. Nikarudi dirishani.

"Mama, mguu mlioukata ulibakiza kipande. Kimepanda, kimo humu." Nikagonga kipara cha shemeji. "Kione."

Karani akashusha miwani ya utosini juu ya ile ya usoni, akakagua kipara kwa makini.

"Kinauma?"

"Sana."

"Kinakunjika?"

"Kwa shida," akasema shemeji.

Muhuri ukagongwa. Lebo ya upasuaji wa mguu hufungwa kwenye kidole gumba cha mguu husika. Karani akatafuta, akakosa, akaifunga kwenye sikio la kushoto.

Alhamisi asubuhi daktari wa ubongo akatoka na karatasi.

"Mguu wa kushoto ni nani?"

Shemeji akafungua mdomo. Neno likakataa. Nikataka kumjibia, akanipiga kofi mkononi.

"Mi... mimi," akasema. "Fanya haraka, daktari. Huyu mjinga sijamaliza kumtukana."

Wakamwingiza. Nikakaa kwenye benchi, nikasubiri kutukanwa.