Wembe wa Marceline

Marceline aliingia kwa jirani yake Stanislas ameshika cheti cha shule mkono huu na wembe mkono ule. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu. Binti yake, aliyeitwa Bibiane nyumbani, sasa alikuwa Mwadi kwenye kitambulisho, lakini cheti bado kilisema Bibiane. Shule ya wauguzi huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imemwandikia kwa Kiingereza: nafasi ipo, mradi cheti kifanyiwe "amendment" kabla mwezi haujaisha.

"Yaya Stani," alimwita kama kaka mkubwa, "ile neno ni kubadilisha, si vile?"

"Ni kubadilisha."

"Basi ninakwangua Bibiane, ninaandika Mwadi. Hapa mtaani Kikula bote wanafanya vile."

"Mama Bibiane, ngoja kwanza. Kesho ninakuletea jibu."

"Kesho! Weye, supu itapoa ungali unafikiria kijiko."

Stanislas alikuwa amejifunza Kiingereza peke yake, katika vitabu vya mashine. Kamusi yake ndogo ilisema: badiliko rasmi la maandishi. Lakini la zamani linakwenda wapi?

Asubuhi, katika ghala la vipuri pale Panda alikofanya kazi, alifungua kitabu cha pampu ya Waingereza. Mbele palibandikwa karatasi: "Amendment No. 3". Akaufuata ukurasa uliotajwa hapo. Kipimo cha zamani kilikatwa kwa mstari mmoja, bado kinasomeka. Pembeni kipimo kipya, tarehe na sahihi. Hakuridhika. Akatafuta ya pili, kisha ya kwanza. Zote zilifanywa hivyo.

"Hawafichi la zamani," alimwambia Marceline jioni. "Mwenye ruhusa anaandika jipya na kutia sahihi. Ukikwangua, watasema umeiba karatasi ya muntu."

Marceline aliinamisha macho. "Minye nilishaanza. B tu."

Kesho yake walikwenda na Bibiane, wote watatu, kwa mkuu wa shule iliyotoa cheti. Aliinua cheti kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani alifanya hivi?"

Bibiane alimgeukia mama yake.

"Ni minye, mama yake," alisema Marceline.

Mkuu akaandika chini, polepole: herufi ya kwanza ilikwanguliwa na mzazi, jina lilikuwa Bibiane, sasa ni Mwadi. Tarehe, sahihi, muhuri.

"Ona," Marceline alinong'ona wakitoka, "ata wembe yangu iko na muhuri."

Ndola walijibu baada ya siku kumi: "amendment" imekubaliwa, Mwadi aje. Marceline hakuuliza maana. Alikwenda kutafuta sanduku.