Swali la Saba

Mwalimu wa baiolojia alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Kwa miaka mitatu aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa njia aliyoibuni mwenyewe, ya kujadiliana badala ya kunakili anayosema mhadhiri, na kila muhula aliwapima kwa mtihani uleule mwanzoni na mwishoni. Roho yake ilikuwa kwenye swali la saba: kilichojenga mbao za mti mkubwa kimetoka wapi hasa? Wengi huanza kwa kujibu udongo. Jibu ni hewa, kwa sehemu kubwa. Udongo huchangia kiduchu tu. Alilisema hilo mpaka wanafunzi wakambandika jina la Mama Hewa.

Safari hii matokeo yalipendeza macho. Kati ya wanafunzi tisini, waliolipata swali la saba walikuwa tisa mwanzoni, na themanini na mmoja mwishoni. Mkuu wa idara alikwishajigamba kwa wakubwa zake, na mkataba wa mwalimu, uliokuwa ukingoni, ulingoja ripoti hiyo tu. Yalibaki mahojiano: wanafunzi kumi kati ya waliopata waeleze kwa mdomo walivyofikia jibu. Kukamilisha utaratibu, basi.

Wa kwanza alikuwa yule ambaye wenzake walimwita Nesi, mama wa makamo aliyeacha wodi akarudi shule. Akaieleza hewa bila kukwama, kama anayesoma ukutani. Mwalimu, kwa uchovu tu, akamuuliza swali lisilokuwa kwenye karatasi: na yeye mwenyewe anaamini hivyo?

Nesi akaitupia jicho mashine ya kurekodi.

"Nikwambie ukweli, mwalimu wangu? Naamini ni udongo. Hewa niliandika kwa sababu najua ndiyo unayoitaka."

Mwalimu akawauliza na wale tisa waliobaki. Saba wakasema yaleyale, wengine wakimwomba radhi.

Mkuu wa idara alipopigiwa simu hakuona tatizo liko wapi. Namba zimesimama, alisema. Mahojiano yakae kabatini, na mwalimu afikirie mkataba wake. Aliufikiria kweli, mchana kutwa, chai ikimpolea mezani, akijionea huruma na kujionea haya kwa zamu. Mwishowe akayaingiza mahojiano yote kwenye ripoti, akaandika kwamba njia yake haikufundisha ilichodai kufundisha, akaituma kabla moyo haujageuka.

Mkataba haukuongezwa. Siku alipopewa barua alimkuta Nesi maktaba, akavuta kiti, akamwomba amweleze kwa nini anaamini udongo.

"Kama mti unajengwa na hewa, mbona shambani tunahangaika na mbolea?"

Lilikuwa swali zuri sana, na katika miaka mitatu ya mijadala hakuna aliyewahi kumuuliza. Sasa alikuwa amebakiza wiki tatu za kufundisha.