Jani la Kabichi Chini ya Bendeji

Kidonda cha mguuni mwa Bibi Desanka kilikuwa na miaka tisa. Asubuhi hiyo, katika zahanati yetu ya mji wa Pirot, nilikipima mara mbili kwa rula. Kilikuwa kimepungua sentimita nzima. Kwa wiki sita nilikuwa nikimpaka jeli ya majaribio, na sharti lilikuwa asiweke kitu kingine chochote. Lakini bendeji ilinuka kabichi.

"Bibi, umeweka jani?"

"Mama yangu aliweka, na mama yake pia. Huo uji wenu sikuufukuza, mwanangu. Vimekaa pamoja, havijagombana."

"Nikiandika, wenye dawa watakutoa kwenye majaribio."

"Basi usiandike. Nani atakwenda kuihoji kabichi?"

Alicheka peke yake, kisha akautazama mguu wake. Alijua jeli ile bado haiuzwi popote; akitolewa, hataipata tena.

Nilikuwa nimechoka, na kunyamaza kungekuwa rahisi. Nikawafikiria watu watakaopakwa jeli hiyo kesho kwa kuziamini namba zangu. Nikaandika: jani la kabichi, kila siku.

"Andika pia kwamba kimepungua," akasema taratibu.

"Hilo nimeliandika kwanza, Bibi."

Nikamfunga bendeji mpya, bila jeli.