Neno la Oiva

Nchi yetu hii ina jarida la kila kitu. La wafuga nyuki, la wafuma soksi, la wenye mbwa wa kuwinda, la wanaolala kwenye trela majira ya joto. Watu wenyewe tu wachache, lakini penda kitu chochote unachotaka, utamkuta mtu Helsinki anakuchapishia. Oiva Rautakoski alipenda matrekta makuukuu, na jarida lake la matrekta lilimfikia kila mwezi kwenye sanduku la barua kando ya barabara, jina lake limebandikwa juu ya jalada.

Oiva alikufa vuli ya mwaka juzi. Jarida halikuambiwa. Ukishajiandikisha, linakuja tu mpaka useme basi, na Saimi, mkewe, hakusema basi. Akilitoa sandukuni alisimama mlangoni akaita, "Oiva, lako limefika," kisha akaenda kuliweka sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa moto, kwenye benchi la chumba cha kuvulia nguo, pale marehemu alipozoea kulisomea. Ukurasa wa nyuma una fumbo la maneno, la kujaza herufi kwenye vimraba. Miaka yote ya ndoa yao Oiva alilijaza lote isipokuwa neno moja, akamwachia mkewe kwa kumchokoza. Sasa Saimi ndiye anayejaza, na yeye ndiye anayemwachia mumewe neno moja. Mwite mwehu ukitaka. Mimi simwiti.

Siku moja ya theluji simu ikalia.

"Naomba kuongea na mzee Oiva."

"Yuko sauna," Saimi akasema. Lilimtoka lenyewe.

Msichana wa simu, Ronja jina lake, akaeleza kwamba jarida la matrekta linafungwa, wasomaji wamekwisha. Mzee achague jingine badala yake: la bustani, la mashua, la mbwa.

"La mbwa," Saimi akajibu haraka. "Jina libaki lile lile la kwake."

"Sawa mama, ila lazima akubali mwenyewe, nisikie sauti yake. Ndio utaratibu wetu. Nitapiga tena akishatoka."

Alasiri nzima Saimi hakula kitu. Aliogopa simu ile kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Ilipolia, akasema tena, "Bado yuko sauna."

"He, mama! Mzee si ataiva huko?"

Saimi akacheka. Oiva naye angecheka, na kuwaza hivyo ndiko kulikomvunja. Akalia, simu ikiwa sikioni.

"Amekufa, mwanangu. Alishakufa zamani. Nilikuwa namwacha aje kwa posta."

"Pole, mama. Pole sana, sikujua." Halafu, kwa sauti ya chini: "Jina la marehemu siruhusiwi. Niandike lako, au tuache?"

"Andika langu."

Jarida la mbwa likaja theluji ilipoanza kuyeyuka. Saimi alisimama mlangoni, akafumbua kinywa kama kawaida yake, akalitazama lile jina lililobandikwa. Saimi Rautakoski. Hakuwa na wa kumwita.

Akaenda sauna, akaketi kwenye benchi na kalamu yake. Fumbo lilikuwepo, ukurasa wa nyuma. Alilijaza taratibu hadi likabaki neno moja, na hapo mkono ukasita. Lilikuwa neno jepesi: mfupa.

Akaliandika.