Koti la Kwenda Nalo Ulaya

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Novemba, mwaka 1952. Revelian alikuwa uani kwake Temeke, anamenya ndizi za mchana, akatokea binti yake Apolonia na aproni yake nyeupe ya uyaya, mbio mbio kama anafukuzwa.

"Tata, naenda Ulaya."

"Nani kasema?"

"Memsahibu. Wanakwenda kwao likizo na watoto, na mie nafuatana nao. Meli wiki ijayo."

"Kakuambia, au kakuuliza?"

Apolonia akaangalia chini. Revelian akakichomeka kisu kwenye ndizi, kikasimama.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Miaka ya nyuma alikuwa mpishi wa bwana mkubwa mmoja wa serikali, akahamishwa naye Lushoto, yeye na mkewe Kokushubila. Nyumba kubwa moto ulikuwa hauzimwi. Nyumba ya mpishi ilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha la kuziba kwa gunia. Mwezi wa sita Kokushubila akaanza kukohoa. Revelian akaenda kuomba kuni, akajibiwa kuni ni za nyumba kubwa, na nyie mmezoea. Mmezoea nini? Mtu kazaliwa Bukoba, kando ya ziwa, baridi ya Lushoto kaizoea lini? Kokushubila akafa, akazikwa hukohuko mlimani, na bwana mkubwa akatoa pole yake akiwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Na kifua cha Apolonia ni kilekile cha mama yake. Mvua ya siku moja tu, usiku kucha kinapiga filimbi.

"Wamekupa nguo gani ya baridi?"

"Memsahibu kasema atanipa shali."

"Shali! Ya kufunikia mkate?"

"Tata, mie nataka kwenda. Nikikataa leo, kesho kaja mwingine, na mie wataniandikia vibaya kwenye kipande cha kazi. Na nataka kuona huko kukoje."

Revelian akakichomoa kisu. Kumzuia hakuweza. Kilichobaki ni koti. Alikuwa na akiba ya kujengea kaburi la Kokushubila, si nyingi, wala si ya kuchekwa. Akaichukua.

Kariakoo palikuwa na duka la Muhdhar, Mwarabu aliyekuwa akinunua kwenye minada mabaki ya jeshi na ya melini. Revelian alipotaja koti la baridi, Muhdhar akamtazama jasho linavyomtiririka.

"Unaumwa homa, Mhaya?"

"Binti yangu anapelekwa Ulaya."

Muhdhar akaacha mzaha. Akatoa matatu. La kwanza kabuti la askari, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, rahisi, lakini zito kama kumbeba mtu mgongoni. La pili koti la kike la kahawia, bitana inang'aa, kiuno kimebanwa, jipya. La tatu koti fupi la mabaharia, rangi ya buluu iliyokaribia weusi, vifungo safu mbili, kola pana.

Revelian akalivaa la kahawia pale pale juani. Jasho likamtoka. "Hili lina joto. Nalichukua."

"Saa hizi hata leso ina joto!" Muhdhar akacheka mpaka akashika kaunta. "Mzee, utamuua mtoto kwa urembo. Ngoja." Akanyofoa uzi kwenye pindo la lile la kahawia, akauwasha kwa kiberiti. Ukanuka karatasi. Akanyofoa wa lile la baharia. Ukanuka nywele. "Hii ndiyo sufu. Lile ni pamba limepakwa sura."

"Nyie wenye maduka hamkosi maneno."

"Basi lijaribu mwenyewe. Yachukue yote mawili, niletee kabla ya magharibi. Ila likirudi na damu ya ng'ombe, umelinunua."

Alisema hivyo kwa sababu Dar es Salaam nzima baridi ilikuwa sehemu moja tu, kwenye ghala la barafu ambamo Wazungu waliweka nyama zao, na Muhdhar alijua kwamba Didas, rafiki wa Revelian, alibeba nyama huko. Didas akawaingiza mlango wa nyuma, baba na binti, katikati ya ng'ombe walioning'inia wamekauka kwa barafu.

Apolonia akavaa la kahawia. Punde meno yakaanza kugongana.

"Huyo keshakuwa nyama," Didas akasema. "Mvue."

Akavaa la baharia. Akasimamisha kola, akafunga vifungo, mikono akaizamisha mifukoni. Wakangoja. Didas mwenyewe akaanza kurukaruka. Apolonia akacheka.

"Tata, tumbo lina joto. Na kifua."

"Pumua."

Akapumua. Filimbi haikusikika. Mabega yalipwaya, vifungo ni vya kiume, lakini Revelian hakutaka tena kusikia habari ya jingine. Akamlipa Muhdhar, akapunguziwa kidogo, akarudi Temeke na koti begani kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya safari, Apolonia alifika bandarini kalivaa, maana kwenye sanduku lake halikuenea. Memsahibu akamwangalia kuanzia kola mpaka mifuko.

"Nini hii? Vua. Yaya wangu hawezi kuonekana kama kuli."

"Memsahibu, ni la baridi," Revelian akasema, kofia mkononi.

"Melini hakuna baridi. Litafungwa na mizigo ya chini. Tutaona tukifika."

"Na kabla ya kufika? Huyu ana kifua, memsahibu. Mama yake alikufa kwa baridi, tukiwa na mabwana kama nyie."

Bwana, mumewe, akageuka kutazama watoto. Memsahibu akasema kwamba wanachelewa. Koti likavuliwa, likatupwa ndani ya kasha moja la mizigo, na Apolonia akapanda ngazi na gauni lake jeupe la pamba. Juu akageuka, akapunga mkono. Revelian hakupunga. Alikuwa anaangalia kasha lenye koti likining'inizwa na winchi, mpaka likazama tumboni mwa meli.

Krismasi imepita, na Januari inakwisha. Revelian amekwenda ofisi ya meli, wakamwambia aende kwenye ofisi ya bwana. Huko karani Adelard, kijana wa kwao Bukoba, amemwamkia kwa shikamoo ndefu na kumwambia hakuna barua.

"Sijaja kwa ajili ya barua, mwanangu. Wewe unaongea na wakubwa kila siku. Niulizie neno moja tu."

"Neno gani, mzee?"

"Lile koti, wamempa?"