Uchakavu wa Shangazi

Mhadhiri wa somo la taarifa za fedha aliwaagiza wanafunzi wake kila mmoja atafute biashara ndogo, aichambue, kisha aje kuieleza mbele ya darasa. Wengi walikimbilia maduka ya dawa na ya simu. Kijana mmoja, aliyeitwa Asilimia kwa sababu hata ukimuuliza hali alikujibu kwa asilimia, alichagua saluni ya shangazi yake.

Shangazi hakumficha kitu. Asilimia alikagua viti, vioo, masinki na vile vikaushio vya nywele vikubwa kama kofia za wanaanga, akikadiria kila kimoja kimebakiza thamani gani. Shangazi alimfuata nyuma nyuma na kitambaa, akipangusa kila kitu kabla hakijaandikwa.

"Na siku ya kueleza nitakuja," akasema. "Biashara yangu haiwezi kusemwa mimi sipo."

Akaja kweli. Aliingia ukumbini na gauni la kuendea harusini, nywele zimesimama kama mnara, akakaa mstari wa mbele. Binti aliyekuwa nyuma yake akahama, maana ubao ulishapotea.

Asilimia alianza vizuri. Kila alipotaja faida, shangazi aligeuka kuangalia kama watu wamesikia. Kisha slaidi ikabadilika, na ukutani pakatokea kwa herufi kubwa: SHANGAZI: UCHAKAVU WA MWAKA.

Kijana alikuwa amesahau kuandika neno "saluni".

Shangazi akasimama taratibu. "Mwanangu, mimi nimechakaa?"

"Si wewe, shangazi. Ni vifaa. Vinapungua thamani kila mwaka, sasa mimi nagawanya..."

"Lililoandikwa pale ni jina la nani?"

Asilimia akabonyeza haraka ili kuiondoa ile slaidi, ikaja nyingine: SHANGAZI: THAMANI ILIYOBAKI. Chini yake palikuwa na tarakimu, na haikuwa kubwa.

Darasa likavunjika mbavu. Shangazi hakuwajali. Alimgeukia mhadhiri, mtu mkavu ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona meno yake.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Hebu nitazame, useme ukweli."

Mhadhiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamtazama kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu na halioni.

"Mama," akasema, "kwa kanuni za uhasibu, binadamu haorodheshwi kwenye mali za biashara. Kwa hiyo hachakai."

"Hachakai kabisa?"

"Kwenye vitabu vyetu, hachakai kabisa."

Shangazi akakaa, uso umemnawiri. "Endelea, mwanangu. Umemsikia mwalimu."

Asilimia aliendelea kwa sauti ya mtu aliyenusurika ajali. Hesabu zake zilikuwa safi, lakini mhadhiri alimwamuru arekebishe slaidi na kuzirudia wiki inayofuata.

Huku nyuma, shangazi alimsimulia kila mteja aliyeketi chini ya kikaushio. Siku ilipofika, aliongozana na wateja wake wawili na fundi cherehani wa jirani, wote wamejipamba, wote wanataka kuyasikia yale maneno kwa masikio yao.

Walimkuta mhadhiri ameshafika. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa tai, na viti vya mbele ameshavifuta vumbi yeye mwenyewe.

"Leo fupisha," akamwambia Asilimia. "Wageni wana maswali."